Boti Iliyoingia Moshini

Jumamosi, mwezi wa pili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umelala juu ya mibuni hadi saa sita.

Mdogo wangu Fotunata, aliyeolewa Ngumbo kule ziwani, amefika na kikapu. Alipofunua jani la mgomba, harufu ikanitoa hapa kijijini kwetu Mapera: samaki mkavu, udongo uliolowa. Ni mkate mweusi wa nkungu, vijidudu vya ziwani vinavyofinyangwa na kukaushwa. Nikajikuta tena ndani ya boti, niko darasa la sita. Sijui kama nitaeleza sawasawa, mimi kuandika najaribu tu.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda hadi kwetu, na baba akaweza kutulipia sote wawili kwenda na wenzetu wa shule kuitembelea Malawi. Mama alisema neno moja tu, akinitazama mimi niliye mkubwa: "Mlivyoondoka ndivyo mrudi."

Meli ilituvusha hadi Nkhata Bay. Kesho yake asubuhi tukapandishwa boti mbili za mashine, tutembezwe kandokando ya ufuko tuone vijiji na kanisa la zamani la mawe. Mwalimu aliingia ya nyuma, akamchukua Fotunata akae naye kwa kuwa alikuwa mdogo. Simlaumu, alifanya vizuri. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini.

Ndipo moshi ukainuka majini. Sisi watu wa milimani moshi tunaujua: ukiuona, chini yake pana moto. Huu ulisimama mrefu, wa kahawia, ukajipinda polepole na upepo hakuna, ukaielekea boti ya nyuma. Kisha boti haikuonekana tena.

"Boti ya mwalimu inaungua," alisema Zeno, mwenzetu wa darasani.

"Acha uchuro wewe," msichana mmoja akamjibu, lakini hakuna aliyecheka.

Mwendesha boti hakujua Kiswahili. Alijifunga kitambaa mdomoni, akatuonyesha kwa mkono nasi tufumbe midomo, akakaza mwendo kwenda ufukoni. Hakugeuka hata mara moja kutazama nyuma.

Ufukoni walisimama watu wengi, vikapu mikononi, nyuso zimefungwa vitenge, macho yote yako ziwani, nyuma yetu. Tukaamkia, "Shikamooni." Hakuna aliyeitika. Pengine salamu yetu hawakuijua, hilo nalikubali. Lakini kwetu Mapera ukiamkia nyumba nzima wakakaa kimya, ujue kuna msiba na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukuambia. Mama mmoja aliniwekea mkono begani. Basi, nikajua. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama.

Moshi ukatufikia, na haukuwa na joto. Ulikuwa hai. Uliingia masikioni na kwenye nywele, ukivuma kwa sauti ndogo, na wale watu wakaanza kuzungusha vikapu hewani, kimya, kama wanaomfukuza mtu tusiyemwona. Ulipopita, boti ya pili ilikuwa imefika mchangani, na Fotunata ananikodolea macho.

Kanisa tulilitembelea. Wenzangu walisimulia vioo vyake vya rangi hadi shule ikafungwa. Mimi nakumbuka mshono wa begani wa gauni la mitumba la Fotunata, maana niliushika siku nzima, naye hakuniambia niachie.

Miaka yote hatukuwahi kulizungumza. Leo nimemwambia tulivyoona boti yao ikimezwa. Akaacha kuosha vikombe.

"Dada, sisi hatukuingia popote. Nyinyi ndio mliomezwa. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutusalisha."

Tumebishana sana. Huenda wingu la nkungu, lile walilokuwa wakilivua kwa vikapu, lilipita katikati yetu, kila upande ukamlilia mwenzake. Au mmoja wetu anakumbuka vibaya, na anaweza kuwa mimi. Ila ule mshono sasa nauelewa. Nilidhani namlinda; kumbe naye alitulia vile akipima kama mkono uliomshika una uzito wa mtu aliye hai.

Jioni tumekula ugali na mkate wa nkungu uliokaangwa na nyanya. Fotunata amenimegea mimi kwanza, akanitazama mpaka nikameza.