Kichwa cha Mama Mkwe

Jina lake halisi lilitumika kwenye vyeti tu. Kwingine kote aliitwa Mikono, kwa sababu hata siku ya harusi yake, pamoja na shangazi yake kumsugua kwa limau na jiwe mpaka ngozi ikawaka, kucha zake zilibaki na mstari wa udongo. Bwana harusi aliuona, akacheka, akaufumbata mkono ule ndani ya wake ili mama yake asiuone. Kumbe mama alikuwa ameshauona kitambo.

Mikono alikuwa mfinyanzi. Kazi aliipata kwa huyo huyo shangazi, ambaye kwa muda mrefu hakumruhusu hata kuligusa gurudumu la kufinyangia. Alimwachia kukanda udongo tu.

"Kanda mpaka hewa itoke yote," shangazi alikuwa akisema. "Ukiniachia kiputo humo ndani, chungu kitalipuka tanurini na kitaondoka na wenzake."

Akakanda mpaka mabega yakawa kama ya mpagazi.

Mumewe alikuwa mchongaji wa mbao. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba: mume upande wa dirisha, mke upande wa mlango, tanuri uani. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa maranda. Vipande viliruka kutoka kwenye patasi vikatua kwenye udongo, na vikiungua tanurini vinaacha matundu, kwa hiyo Mikono alikuwa na bakuli lisilo na kitu ambalo alilitumia kwa shughuli moja tu, kuligonga kila mumewe anapojisahau. Zaidi ya hapo waliishi vizuri, wakitaniana kutwa nzima.

Halafu magoti ya mama mkwe yakaanza kumsumbua, akahamia kwao. Asubuhi yake ya kwanza alibeba kiti mwenyewe, akakiweka katikati ya karakana, akaanza kusimamia kazi. Kabla wiki haijaisha, mtu na mkewe walikuwa wameshampa jina la Sajini, ambalo walilitaja akiwa mbali, tena milango ikiwa imefungwa.

"Mwanangu anachonga, sawa, hiyo ni kazi ya watu," Sajini alisema. "Lakini wewe, bibie, mtu mzima na heshima zako, bado unacheza matope?"

"Nimeyazoea, mama," Mikono alijibu, akaendelea kuzungusha gurudumu. Moyoni alikuwa amekasirika, ila hasira zake alizimalizia kwenye kukanda, na udongo wa miezi ile ulikuwa laini ajabu.

Mume naye akaona amfurahishe mama yake: angemchonga kichwa. Alikuwa na kipande cha gogo zuri alilolitunza likauka lenyewe kivulini. Akalitoa umbo la kwanza kwa tezo, akashika patasi. Tatizo, Sajini hakuwa mtu wa kutulia. Kila nyayo zilipopita dirishani aligeuka kuona ni nani, na mchongaji akamfuata kwa macho, na katika kufuata huko patasi ikateleza.

"Pua yangu iko wapi?" Sajini aliuliza.

"Imeanguka, mama. Hiyo hapo chini."

"Basi irudishe."

"Mbao hairudishwi, mama. Nikitoa nimetoa."

Sajini akanyanyuka na kiti chake. Kwa siku kadhaa hakumsemesha mwanawe. Chakula kikiiva alimwambia Mikono, "Mwambie mwenye patasi aje ale," na mwenye patasi yuko pale pale, anatazamana naye.

Mikono alimhurumia mumewe. Asubuhi moja, akiwa bado anafuta meza, alisema bila kugeuka, "Mama, yeye kazi yake ni kupunguza. Mimi naongeza. Pua ikianguka, naweka nyingine."

"Ya matope?"

"Ya matope."

Sajini alifikiri. "Isiwe kubwa," akasema, akakirudisha kiti.

Mikono alisimamisha kijiti kwenye ubao, akakizungushia magazeti, akaanza kubandika udongo aliouchanganya na vigae vilivyotwangwa, ili usipasuke kwa urahisi. Paji la uso lilikuja. Kidevu kikaja, kikali kama chenyewe. Mashavu yakakataa. Aliongeza, akakwangua, akaongeza tena, na kila mara alipata uso wa bibi fulani mpole asiyemjua.

"Mama, itabidi nikushike," alisema mwishoni. "Macho yananidanganya."

Katika miaka yote ya ndoa yake, yeye na mama mkwe walikuwa wamepeana mikono tu. Sajini alikunja midomo, kisha akafumba macho. Mikono alinawa, akafuta viganja, akaanza kwenye nyusi. Alipita chini ya macho, akafuata mfupa wa shavu mpaka sikioni, akaukuta umekaa juu kuliko alivyodhani. Ngozi ilikuwa nyembamba na laini. Nyayo zikapita dirishani, za watu wawili wanaocheka. Sajini hakugeuka.

"Mikono yako ina joto," alisema, macho bado amefumba. "Nilidhani itakuwa ya baridi."

Jioni hiyo mashavu yalikaa. Mchongaji aliacha kazi yake akaja kusimama nyuma ya mkewe, akambana bega.

Kioja kilikuwa udongo ulipoanza kukaza. Mikono alivuta waya, akakata utosi kama mtu anayefungua dafu, akatoa kijiti na magazeti, akaanza kuchota kwa kijiko.

"We! Ubongo wangu unaupeleka wapi?"

"Lazima kiwe na uwazi ndani, mama. Kikibaki kinene kitalipuka."

"Kwa hiyo mnanichoma bila akili!"

Mchongaji alicheka mpaka akaketi kwenye maranda. Sajini alimtazama kwa ukali, kisha naye mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mikono alikwaruza kingo, akazipaka uji wa udongo, akarudisha utosi mahali pake na kuulainisha. Akakifunika kichwa kwa plastiki kikauke polepole, kisha akakichoma kwa moto wa kupanda taratibu.

Siku ya kufungua tanuri wote watatu walikuwepo. Uso ulitoka mzima, mwekundu, mkali, wenyewe kabisa, ila shingoni palikuwa na ufa. Machozi yalimlengalenga Mikono. Mumewe alikigeuza kichwa mikononi, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Niachie." Akalichukua lile gogo lililopoteza pua, akachonga kitako chenye ukosi uliopanda juu na kuikumbatia shingo. Ufa ukajificha humo. Kwa mara ya kwanza kazi zao mbili zilikaa katika kitu kimoja, na hakuna aliyegonga bakuli.

Sajini aliagiza kiwekwe sebuleni, mkabala na mlango. Alikizunguka kwa fimbo yake, akakitazama mbele na nyuma.

"Pua ndiyo yenyewe," alisema.

Kesho yake Mikono alipopita sebuleni alikikuta kichwa kimefungwa kitambaa cha maua, kimekazwa vizuri chini ya kidevu.

"Mama, mbona umekifunika?"

"Wageni wanakuja, mwanangu. Unataka wanikute kichwa wazi?"

Mikono akakinyoosha kitambaa upande wa sikio, akarudi kwenye gurudumu lake.