Kifimbo Kilichomwita Mke Wangu

Bora niseme mwenyewe, maana Temeke nzima wameshasikia. Jumapili nilimpeleka mke wangu Mwanaidi uwanja wa Mnazi Mmoja, kulikopigwa muziki wa bure wa fidla na tarumbeta. Mie sikuwa nimewahi kuona muziki wa namna hiyo. Tukapata nafasi nyuma ya wapigaji. Mbele yao alisimama Mgoa mmoja mtanashati, ameshika kifimbo, uso ametuelekezea sisi. Akakipunga kifimbo upande wa Mwanaidi huku akitabasamu. Mwanaidi naye akatabasamu.

"Unamjua?" nikamwuliza.

"Nimjulie wapi? Sikiliza muziki, baba Zena."

Yule bwana akapunga tena, safari hii kwa mkono mtupu: njoo, njoo! Wivu ukanipanda kichwani. Nikapenya katikati ya wapigaji, nikakikamata kile kifimbo. Muziki wote ukazimika.

"Mke wangu unamwitia nini mbele ya macho yangu?"

Mzee wa tarumbeta, aliyekaa mbele tu ya Mwanaidi, akanijibu kwa sauti iliyosikika uwanja mzima: "Bwana, anayeitwa ni mimi. Zamu yangu ya kupuliza imefika."