Risasi Imeingia, Baba Akafurahi

Leo tumbili nusura watuulie Baba.

Walivamia mahindi yetu hapa Nyaramba, Baba akatoa bunduki, shotgani ya marehemu babu. (Iko na leseni, tulieni.)

Risasi mpya ikaingia mpaka mwisho. "Si umeona? Imetoshea!" Baba akaniambia.

Nikasoma mtutu: chemba, pale risasi inapokaa, ni ya inchi mbili na nusu. Pakiti ya risasi inasema mbili na robo tatu. Risasi ikilipuka hufunguka mdomo, ndio inafika urefu huo, na ikikosa nafasi ya kufungukia, mtutu unaweza kupasuka.

Mama akamwambia, "Baba Moraa, hata mguu wangu huingia kwa kiatu cha Moraa. Sasa niambie nitembee."

Bunduki ikarudi kabatini.

Mama akatoka na sufuria na mwiko, akavigonganisha. Tumbili wote wakatoroka.

Saa hii Baba anaambia majirani kwamba tumbili waliogopa bunduki.