Barua zenye madirisha za Mama Nuha

Krr. Krr. Krr.

Saa kumi na moja alfajiri, giza bado limejaa ndani ya nyumba moja ya Kaloleni mjini Kisumu, kitu kinakwaruza sebuleni. Si panya. Stima imerudi, na printa kuukuu imeamka kabla ya wenyewe.

Naeema, mwenye umri wa miaka 33, anajifunga leso kiunoni, anamvuta bintiye Nuha arudi katikati ya godoro, kisha anaikimbilia kompyuta. Kazi iliyokwama jana jioni lazima itoke kabla stima haijabadili nia tena.

Juu ya meza yake kuna skana, kibao cha kukatia mboga na wembe.

Wateja humletea nyaraka wanazotaka kuzisambaza: matokeo ya mtoto kwa ajili ya kuomba basari ya karo, mkataba wa shamba, barua ya hospitali ya kuombea mchango. Yeye huondoa yale yasiyopaswa kuonekana na kila mtu: namba ya kitambulisho, simu, majina ya watoto, ugonjwa. Hutoza Sh50 kwa ukurasa, na siku nzuri huwa na kurasa kumi.

"Watu wanadhani kuficha ni kupaka rangi nyeusi," anasema, akisonya. "Unapaka, unafurahi, unatuma. Kumbe maneno yako yamelala chini ya ile rangi kama kunguni chini ya godoro. Yanangoja tu mtu anyanyue."

Na kunyanyua ni rahisi. Barua nyingi siku hizi hutoka kwenye kompyuta hadi kwenye simu bila kupita kwenye karatasi. Mstari mweusi hukaa juu ya maneno tu. Anayebonyeza hapo kwa kidole, akanakili na kubandika kwingine, atasoma kila kitu.

Naeema anajua, kwa sababu aliwahi kufanya kosa hilo hilo.

Miaka saba iliyopita, alipokuwa ameajiriwa kwenye saiba moja, duka la intaneti katikati ya mji, alimfichia maneno kwenye barua ya hospitali mama mmoja muuza mitumba aliyeitwa Gakenia. Alipaka mistari myeusi mizuri, imenyooka kwa rula. Barua ikaingia kwenye kundi la mchango saa nne asubuhi. Kabla ya adhuhuri, mtu alikuwa ameyavuta maneno yaliyofichwa na kuyabandika hapo hapo kundini, na alama ya kuuliza mbele yake.

Gakenia alihamishia biashara yake Sondu wiki hiyo hiyo. Naeema alimfuata huko kumwomba radhi.

"Hakunitukana. Afadhali angenitukana," anakumbuka. "Aliendelea kukunja masweta, akaniambia, 'Mwanangu, wewe uliifunika tu. Hukuitoa.' Sijasahau mpaka leo."

Alipoacha kazi pale saiba, alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, Nuha akiwa mgongoni. Mwalimu akieleza, mtoto akilia, yeye akinesanesa nyuma ya darasa huku anaandika.

Lakini kujua ni jambo moja. Kuwashawishi watu ni jambo jingine, na hilo ndilo linalomchosha.

Saa tano, Mzee Oduor anaingia. Ni mwenyekiti wa kundi la mtaa la kusaidiana, lenye watu zaidi ya mia tatu kutoka Kaloleni hadi Bondo. Kundi hili liliwahi kudanganywa na mtu aliyejifanya mgonjwa, na tangu hapo hakuna mchango bila barua ya hospitali kuonekana na wote.

Nyuma yake, kwa mkongojo, anakuja Faraji, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeangukiwa na geti mguuni. Upasuaji ni Jumatatu.

"Mama Nuha, chapa tu," anasema Mzee Oduor, barua ikiwa tayari imetumwa kwenye simu ya Naeema. "Moja ya ukutani, nyingine naitupa kwa kundi saa kumi. Huyu amejifichia mwenyewe. Ona, nyeusi tititi!"

"Karibu kiti kwanza, Mzee."

"Kiti nimekikalia tangu jana. Chapa!"

Naeema anaifungua barua kwenye kompyuta. Anabonyeza penye weusi, ananakili, anabandika kwenye ukurasa mtupu. Anatazama mara moja, kisha anaigeuza kompyuta upesi, imwelekee Faraji peke yake.

Faraji anasoma. Mkongojo unamtoka mkononi na kuanguka sakafuni.

Barua ilikuwa imetaja matibabu mengine, yasiyohusiana na mguu. Wenzake kazini hawayajui, wala wakwe zake. Hata makala hii haitayataja.

"Kuna nini hapo?" Mzee Oduor ananyoosha shingo.

"Kuna mambo ya Faraji."

"Ai yawa! Si mimi ni mwenyekiti?"

"Wa mchango, Mzee. Si wa mwili wake."

Naeema anamwuliza Mzee swali analoliogopa kila siku: "Hii barua umemtumia nani mwingine?"

Faraji anamgeukia Mzee.

"Nilitaka kumtumia katibu usiku," Mzee anakiri, "lakini bando ya intaneti ikaisha. Hii ya kukutumia wewe nimenunua leo."

Naeema anajishika kichwa. Hajui acheke au alie. "Kwa hivyo siri ya mtu imeokolewa na bando! Lete simu, tufute. Na kwenye pipa la simu pia tufute. Ukifuta mara moja umesukuma tu takataka nyuma ya mlango."

Anaifuta na kwenye simu yake mwenyewe. Kisha anaichapisha ile iliyo kwenye kompyuta, anaifuta na huko, anailaza karatasi juu ya kibao cha mboga na kuchukua wembe. Mstari mmoja. Wa pili. Wa tatu. Namba ya kitambulisho. Simu. Karatasi inabaki na madirisha matano.

"Wembe?" Mzee Oduor anacheka. "Na mimi nilidhani wewe ni mtu wa kompyuta!"

"Programu za kuondoa kabisa zipo, Mzee, na nimezisomea. Bei yake ndiyo sijaifikia. Lakini shimo ni shimo. Utanakili nini kwenye shimo?"

Anaweka karatasi nyeusi nyuma ya ile barua na kuiingiza kwenye skana. Vipande vitano alivyokata vinaishia kwenye jiko, na anasimama pale mpaka vimekuwa majivu. Faraji naye anasimama kuangalia.

Naeema anaporudi mezani, kompyuta inamwuliza aihifadhi picha mpya kwa jina gani, huku ikipendekeza lile la zamani. Jina hilo la zamani limebeba jina la kliniki, herufi kubwa.

"Unaona? Unasafisha nyumba yote, halafu unaacha uchafu kizingitini!" Anaandika jina jipya: barua ya mguu. Anajaribu kutafuta neno lile ndani ya faili. Halipo. Anaongeza mwangaza wa picha mpaka mwisho. Madirisha bado meusi.

Kazi imechukua dakika arobaini. Jirani yake mwenye saiba hupaka nyeusi kwa Sh10, dakika mbili, na foleni yake hufika barabarani. "Wanaenda kule wakicheka, wanarudi kwangu wakilia," Naeema anasema. "Na wakishalia, mimi nitafanya nini? Maneno yakishatoka hayana kamba ya kuyarudisha."

Hata hivyo hajakata tamaa. Kuanzia mwezi ujao anataka kuwafundisha makatibu wa vyama kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Kumi na mmoja wamejiandikisha. Leo Mzee Oduor, bila kuulizwa, anachukua kalamu na kujiongeza wa kumi na mbili.

"Mwenyekiti naye ni mwanafunzi," ananung'unika. "Msinicheke."

Lakini bado hajaridhika. Amekaa na barua mpya kwenye simu, anabonyeza madirisha kwa kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayepapasa maembe sokoni. Hakuna kinachotoka.

Nuha anaingia kutoka shule kwa chakula cha mchana, soksi moja juu, nyingine chini. Yuko darasa la tatu na husoma kila kinachopita mbele yake, hata pakiti za chumvi.

"Nyathina, mwanangu, njoo," Mzee anamwita, akimpa simu. "Nyinyi ndio mnajua Kiingereza. Hii barua inasema nini?"

Faraji anainamisha kichwa. Naeema anasimama, kijiko cha wali mkononi.

Mtoto anapitisha kidole juu ya maneno na juu ya madirisha, polepole, mpaka chini kwenye mhuri.

"Inasema Anko Faraji anaumwa mguu, basi."