Nafasi ya Mumbere

Mumbere alikuwa mfalme wa mji usiokuwapo. Huko Kasese, katika chumba cha kupanga ambacho hata kukifagia kulimshinda, alishinda amelala chali na simu usoni, akijenga mji wa mchezo: nyumba, ghala, barabara, na zaidi ya yote mashamba. Dada yake Resty, aliyeishi Mahango mlimani na mama yao Loyi, aliujua mji ule kuliko alivyotaka, maana kila Yaya, kama alivyomwita kaka yake kwa lugha ya kwao, alipokuja kula, hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Resty alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mbuzi akilia: anajua tu kwamba anataka kulishwa.

Kanuni kubwa ya mchezo, Mumbere alisema, ni nafasi. Mashamba yakibanana, wadudu wanaruka toka moja hadi jingine. Basi yeye aliyatawanya mbalimbali, mpaka wakulima wake wa kwenye kioo wakawa wanatembea kutwa kufika kazini na kufa njaa njiani. Aliwaita wavivu.

Resty angecheka tu, kama Jumamosi moja fundi huyo wa njaa asingekuja kusimama kati ya kahawa na mihogo ya marehemu baba yao. Hapo katikati palikuwa na kipande chembamba cha maharagwe. Resty aliporudi kutoka kwa mume, baba alimpa kipande hicho alime, kwa neno la mdomo tu, mbele ya mama. Hakuwa na udongo mwingine duniani. Maharagwe hayo ndiyo yaliyomlisha, na ndiyo aliyouza soko la Bwera. Lakini baba alikuwa amekufa, na kwao kifungua mimba wa kiume ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ardhi, awe na akili au awe Mumbere.

"Hapa iko nafasi," alisema. "Nafasi hailimwi."

Resty alimuuliza ni mdudu gani anayekula kahawa akahamia kwenye mihogo. Akajibiwa kwamba wanawake hawaelewi mipango. Kisha bwana mipango akashika jembe, pengine kwa mara ya kwanza tangu aache shule, akang'oa maharagwe yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Alipomaliza alikuwa na malengelenge viganjani, akaomba chai. Mama Loyi akampa. Resty alimchukia kaka yake siku ile, na dharau yake ikaizidi hata chuki.

Msimu ule Resty alilima kwa watu. Jirani yao Jolly alimlipa kwa maharagwe. Kile kipande kiliota magugu, na wadudu wote wa mlima wakapata pa kuzalia.

Mumbere alirudi amekonda, akakuta chungu mekoni. Akaketi, akanyoosha miguu, akaanza kueleza jinsi mji wake ulivyokufa wote kwa njaa na jinsi atakavyoupanga upya. Resty alimpakulia mama, akajipakulia mwenyewe, kisha akamwekea kaka yake sahani tupu, iliyooshwa vizuri.

Mumbere akauliza hiyo ni nini.

"Iko nafasi, Yaya," Resty alisema. "Kula."

Mumbere akamgeukia mama yake, kama alivyozoea. Mama Loyi, ambaye tangu amzae alikuwa akimmegea hata tonge lake la mwisho, aliinamia sahani yake na kuendelea kutafuna.