Tochi Niliyoifunga kwenye Gobore

Jioni moja, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya karai la maji nikitafuta tundu kwenye tyubu ya baiskeli ya Masanja. Karakana yangu ilikuwa mabati manne na benchi, kwenye senta ya kijiji chetu, safari ya asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Mpanda mjini. Masanja alikaa juu ya ndoo akinisimanga kwamba kiraka nilichomwekea wiki iliyopita kilikuwa cha kumkomoa. Nikamwambia baiskeli haikutengenezwa kubeba gunia la mahindi na mke juu yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amekuja na ng'ombe kutoka Usukumani akiwa kijana, akajifunza kulima tumbaku, akatushinda sisi tuliozaliwa huku. Binti yake wa kwanza alikuwa Kabula, kwa hiyo wengi walimwita Baba Kabula. Mimi nilimwita Masanja, naye aliniita Fundi.

Giza lilipoingia tulirudi nyumbani pamoja, kila mtu na tochi yake. Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Kijijini kwetu, ukikutana na mtu gizani hukumpiga mwanga usoni. Ulijimulika wewe kwanza, tochi chini ya kidevu, ili akujue. Naye akajimulika, ukamjua. Kisha uliishusha tochi na kummulikia mwenzako njia mpaka apite. Hakuna aliyetufundisha, tulikulia humo. Ninapokumbuka miaka ile, hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi: giza tupu, halafu ghafla sura ya jirani imening'inia hewani, meno yote nje, pua imekuwa kubwa kuliko ilivyo. Masanja alipenda kukunja uso makusudi ili watoto wacheke. Naukumbuka uso ule kila siku.

Watu wa bunduki walianza kutoka msituni mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Tuliziita siku zile vita, na mpaka leo sijapata jina lingine la kuzipa. Hatukujua walikotoka. Walikuwa na silaha za kijeshi, walichukua ng'ombe, walivunja maduka, na kijiji cha jirani walichoma nyumba na watu wawili wakiwa ndani. Msaada ulitoka mbali na barabara ilikuwa tope. Kwa hiyo tuliitana, tukachagua wa kulinda. Sisi tuliokuwa na magobore tulikuwa watano. Langu lilikuwa la marehemu baba, lina kibali chake. Kiongozi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye tulimwita Kamanda.

Tatizo letu lilikuwa mikono. Gobore linataka mikono miwili, na tochi inataka mmoja. Nilikaa nalo siku mbili, kisha nikakata vipande vya tyubu, nikaifunga tochi ya betri tatu chini ya mtutu, ikakazika kama imezaliwa pale. Nilijivuna, sitakataa. Nilipeleka gobore mkutanoni, nikaonyesha: mtutu unapoelekea, mwanga unaelekea, na mikono yote miwili ina kazi yake. Kamanda aligeuza-geuza, akasema nizifunge na nyingine nne.

Masanja hakuwa na bunduki, lakini aliinuka.

"Sasa Fundi," akasema, "mimi na wewe tukikutana njiani, utajimulikaje?"

Watu waliangua kicheko. Mmoja akasema nitageuza mtutu niutie chini ya kidevu. Nilicheka kuliko wote. Masanja alitabasamu kidogo, akakaa. Sikumjibu, na mkutano ukaendelea na mambo ya zamu.

Lazima niseme ukweli wote, kwa sababu watu wakinisikia leo hudhani ile tochi ilikuwa ujinga mtupu. Haikuwa hivyo. Walipokuja kwetu mara ya kwanza, kuelekea duka la senta, tuliwasha mianga mitano kwa pamoja kutoka pande mbili. Nilimwona mmoja wao wazi kabisa, mkono tayari kwenye kufuli, nami sikuwa na haja ya kumwomba mtu anishikie mwanga. Tulifyatua. Wakadhani tuko wengi, wakarudi msituni bila kuchukua hata kiberiti. Nyumba zinazolizunguka duka lile zina watu mpaka leo.

Lakini wakati wanakimbia, mmoja alifyatua kuelekea mwanga wa Kamanda. Tochi ikiwa kwenye bunduki, bunduki ikiwa begani, anayeulenga mwanga amekulenga wewe. Risasi ilimpiga Kamanda begani. Alipona, ila mkono ule haukuinuka tena. Akiwa kitandani alitupa amri mpya: tusiwashe mapema, na tusiite mtu kwanza, maana sauti nayo inaonyesha ulipo. Tulitii. Hakuna aliyeona kwamba amri zile, pamoja na kazi ya mikono yangu, zilikuwa zimetuondolea kila njia ya kumwambia mtu sisi ni nani.

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani, hauachwi, ukizimika majani yanaharibika na jasho la mwaka mzima limepotea. Tulikubaliana kwamba wenye mabani walale humo humo, na asitembee mtu mpaka kupambazuke. Masanja alikubali kama wengine.

Asubuhi ile zamu yangu ilikuwa kwenye daraja la magogo. Ilikuwa bado giza, manyunyu, mto umejaa na unanguruma. Nilisikia hatua.

Niliwasha.

Mtu mmoja. Ana koti la mvua, kofia imeshuka mpaka machoni. Begani ana kitu kirefu.

Alisimama. Hakukimbia.

Nilikuwa nimemlenga, kwa sababu sikuweza kumwona bila kumlenga.

Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukatoka na kitu cha chuma, ukaanza kupanda.

Nikafyatua.

Moshi wa baruti ulijaa mbele ya tochi, mwanga wote ukanirudia machoni. Sikuona kitu. Nilisimama nikisubiri risasi ya pili, ya kunipiga mimi. Haikuja. Moshi ulipopungua niliona mwanga mwingine, mdogo, chini kwenye matope. Ilikuwa tochi yake. Ilikuwa inawaka, imeelekea kidevuni kwake.

Kitu kirefu kilikuwa shoka. Kuni za bani zilikuwa zimekwisha na Masanja alikuwa anafuata nyingine nyumbani. Aliona mwanga umemsimamia usoni, hakumjua mwenye mwanga, akafanya alichokuwa amekifanya maisha yake yote akikutana na mtu gizani. Mimi nilikuwa wa kwanza kuwasha, na nilipaswa kuwa wa kwanza kujimulika.

Nilimwita jina lake mara nyingi. Watu walipofika nilikuwa nimekaa naye kwenye tope, na gobore sikujua nimelitupa wapi. Moto wa bani ulizimika siku ile. Hakuna aliyekumbuka.

Polisi walinichukua, nikakaa mahabusu Mpanda miezi kadhaa. Kesi ilipofika mwisho wake walisema ni bahati mbaya, nikaachiwa. Watu wa bunduki walikuwa wameshaacha kuja. Gobore la baba nililisalimisha, na sijawahi kuomba kibali kingine. Vijana wa ulinzi siku hizi wana bunduki nzuri zenye tochi za kiwandani, huja kunionyesha kwa sababu wanajua nilikuwa wa kwanza hapa. Wananiuliza kama ni jambo jema. Nawaambia ni jema usiku ambao una hakika aliye mbele yako ni adui. Kisha nawauliza ni usiku gani huo. Wananiona mzee anayejisumbua.

Kila mtu ana tochi ya simu sasa, na wanakupiga nayo usoni bila salamu. Mimi bado najimulika. Watoto hucheka, na kicheko chao kinanirudisha kwa Masanja, na namkumbuka mpaka moyo unauma.

Njia yangu ya nyumbani inapita kwa mjane wake, Mama Kabula. Miaka yote hii, nikifika kwenye uzio wake jioni, nimesimama nikajimulika uso ili ajue nani anapita. Aliingia ndani tu, na sikumlaumu.

Masika yaliyopita nilikutana naye njiani, anatoka kisimani, giza limeshaingia. Nilijimulika. Nilidhani angekata njia apite shambani. Alitua ndoo, akatoa tochi, akaiweka chini ya kidevu chake. Amezeeka. Sikuwa nimeuona uso wake kwa karibu tangu kabla ya mazishi.

"Fundi," akasema, "yule mtu alikuuliza swali mbele ya watu."

"Aliniuliza, mama."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Sikumjibu."

Kisha akaishusha tochi, akaielekeza chini mbele ya miguu yangu, akanimulikia njia mpaka nikapita.