Neno "kimya" kwenye simu ya mke wangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sitafuti mtu wa kunitetea. Naficha jina kwa sababu Brussels ya Wakongo ni ndogo. Hata hivyo wengine wenu mtanijua tu!

Nilisoma shule ya bweni ya mapadre kule Katanga. Jumapili mchana tulipewa pudingi ya semule, yaani ngano ya kusagwa iliyopikwa kwa maziwa, na sukari ya kuungua juu yake. Sisi wanafunzi tuliiita "kimya", kwa sababu ikifika mezani bwalo zima lilinyamaza.

Tangu nitoke shule sijatulia. Nimeishi Ndola, Paris, Liège, mwishowe Ganshoren, hapa Brussels, na mke wangu. Kila mji nilijaribu kupika kimya, na kila mara nilipata uji wa mgonjwa. Nikishindwa, naanza habari za kuhama. Safari hii ilikuwa Kanada. Mke wangu alisikiliza tu.

Halafu akabadilika. Kila Alhamisi anatoka, anarudi amechelewa, nguo zinanukia utamu nisioujua. Nikajiambia kuna mtu amemnunulia manukato!

Wakati ule simu zilikuwa bado za kubonyeza. Alipoingia kuoga nikachukua yake. Ujumbe ulitoka namba ya Ghislain wa Laeken, rafiki yangu niliyekaa naye bweni moja: "Kesho à 14 heures tutafanya kimya. Bwana yako asijue."

Mungu wangu! Rafiki yangu na mke wangu, kimyakimya! Neno nililolipenda kuliko yote utotoni lilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikalisoma kama polisi.

Asubuhi akaniuliza, "Leo utarudi saa ngapi?"

"Unataka kujua ya nini?"

"Bon, nauliza tu." Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

Sikwenda kazini. Saa nane mchana ilipokaribia nilipanda tramu hadi Laeken, nikabonyeza kengele. Mlango ulipofunguka nilimsukuma aliyefungua bila kumtazama. "Ghislain! Toka, mwizi wa wake za watu!" Jikoni nikamkuta mke wangu ameshika mwiko. Nikamwita malaya. Mbele ya wamama wanne wa kwaya yake!

Aliyefungua mlango alikuwa Thérèse, mke wa Ghislain. Akaanza kucheka.

"Papa, wewe mutu wa internat, mutoto wa bweni, umesahau kimya ni nini? Ghislain iko kazini. Nilitumia simu yake juu simu yangu haina crédit!" Akanionyesha sufuria, vanila bado inafuka mvuke. Thérèse alisoma kwa masista, ukuta mmoja na sisi. Jiko la shule zetu mbili lilikuwa moja.

Wamama nao wakacheka. Mke wangu hakucheka. Alizima gesi, akavua aproni, akaikunja.

"Nilifikiri ukikula hii hapa, utaacha kutaka kuenda," alisema. "Alors, mimi ndiye nitaenda. Douze ans, miaka kumi na mbili ya ndoa, na haukuniuliza hata swali moja."

Jamani! Ningepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Siku hizi anaishi Uccle, kwa familia anayoilelea watoto. Nimemtuma padre, nimemtuma tonton wake, yaani mjomba wake. Tonton alirudi akaniambia, "Mwanangu, hana hasira. Ndiyo maana naogopa."

Ghislain hapokei simu zangu. Kwaya nzima inajua nilichosema. Kanada sikwenda. Kwa mara ya kwanza maishani sitaki kuhama, nisije nikaondoka, kisha yeye akaja akakuta mlango umefungwa.

Wewe unayechungulia simu ya mwenzako leo, sikiliza! Ukikuta neno linalokuchoma, mwulize. Mwulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili, kabla hujavaa viatu.